Sekunde Sita za Taa ya Eabegi

Fungua swichi hadi ON, usipige stata, kisha anza kuhesabu. Kwenye Toyota nyingi zilizotumika tunazoletewa kutoka Japani (IST, Vitz, Raum, Premio, Noah, Probox na ndugu zao), ile taa nyekundu ya eabegi (mfuko wa hewa unaofunguka kwenye ajali), yenye mchoro wa mtu aliyekaa na duara mbele yake, inawaka kwa sekunde sita hivi, halafu inazimika yenyewe. Injini bado haijawaka. Taa ya oili na taa ya chaji zinaendelea kuwaka pale pale, maana hizo zinasubiri injini izunguke.

Jaribio hili halihitaji mashine wala fundi, na linakwambia mambo manne. Taa ikiwaka na kuzimika yenyewe, mfumo umejikagua ukaridhika. Ikibaki inawaka, au ikizimika halafu ikarudi ukiwa barabarani, kuna hitilafu na kontroboksi, yaani kompyuta ya eabegi, imeiandika. Isipowaka kabisa, ama balbu imekufa ama kuna mtu aliitoa. Na ikizimika sambamba na taa ya oili, sekunde ileile injini inapowaka, basi waya wa taa ya eabegi umekatwa ukapandikizwa kwenye waya wa taa ya oili. Mtindo huo wa mwisho ni wa zamani na bado unafanyika, hasa gari linapoandaliwa kwa mnunuzi. Ndiyo maana nasema usipige stata haraka: anayewasha gari moja kwa moja anaona taa zote zimezimika pamoja, anafurahi.

Kwangu mimi, gari ambalo taa yake inabaki inawaka ni afadhali mara kumi kuliko gari ambalo taa yake imenyamazishwa. Lenye taa inayowaka bado linaweza kukueleza linaumwa wapi.

Sasa, linaumwa wapi? Watu wengi wakiona taa hiyo wanafikiri mfuko wenyewe ndio mbovu. Ni nadra. Mfuko ulioshonwa na kukunjwa ndani ya usukani hauna kitu kinachochakaa kwa kutumika. Kinachochakaa ni njia ya umeme ya kuufikia: konekta chini ya viti, kebo inayojizungusha nyuma ya usukani, waya uliobanwa na reli ya kiti, kutu kwenye pini. Kila eabegi ina kiwashio, yaani kiwaya chembamba chenye ukinzani wa omu 2 hivi kilichozungukwa na baruti kidogo. Kontroboksi inapitisha mkondo hafifu sana kwenye njia hiyo wakati wote swichi ikiwa ON, inapima: je, njia imekatika, imepiga shoti, imegusa bodi, imegusa chanya? Ikiona kimojawapo, inawasha taa.

Hapo ndipo inapotoka sheria ya kwanza ya kazi hii. Viwashio vingi vya kisasa vinalipuka kwa ampea 1.2 tu zikipita kwa milisekunde 2. Balbu ya indiketa ya wati 21, ile ambayo mafundi wengi huifungia nyaya mbili ikawa tesa (taa ya kupimia umeme), inavuta zaidi ya hapo. Kwa hiyo usiweke tesa kwenye waya wa njano. Usiweke hata mita ya kupima omu moja kwa moja kwenye eabegi, maana mita nayo hutuma mkondo wake. Waya na konekta za mfumo huu zimepakwa njano kwa makusudi, ili mtu aliyelala chini ya dashibodi anatafuta waya wa redio asikosee.

Sheria ya pili: kabla ya kugusa konekta yoyote ya njano, zima swichi, fungua hasi ya betri (spana namba 10), uisogeze mbali isijirudie, kisha subiri. Toyota wanasema sekunde 90 au zaidi, Nissan na Honda dakika 3. Sababu ya kusubiri ni kwamba kontroboksi ina kapasita inayohifadhi umeme wa kulipua eabegi hata betri ikipondwa kwenye ajali. Betri ikiwa imetolewa, umeme huo bado upo kwa muda. Dakika 3 kwa yoyote kati ya haya, ukiwa huna uhakika, hazimpotezei mtu kitu.

Soma kodi kwanza

Kosa linalokula pesa za watu ni kubadilisha vitu kwa kubahatisha. Gari lina mdomo, liulize: kila hitilafu kontroboksi huiandika kwa namba yake, na namba hiyo ndiyo kodi.

Skana (mashine za kusoma kodi) ndogo za blutuzi za bei ya chini nyingi huishia kwenye injini; ukiiuliza habari ya eabegi inakuambia hakuna kosa, kumbe haijafika huko kabisa. Skana ya fundi inayofungua mfumo wa SRS, yaani wa eabegi na mikanda, ndiyo inayofaa. Lakini kwa Toyota nyingi za miaka ya 2000 unaweza kusoma kodi kwa kipande cha waya na macho yako.

Tafuta soketi ya pini 16 chini ya dashibodi upande wa dereva. Itazame uso kwa uso, upande mpana ukiwa juu. Safu ya juu inaanza namba 1 hadi 8 kutoka kushoto, ya chini 9 hadi 16. Unazitaka namba 4 (ya nne juu) na namba 13 (ya tano chini). Hesabu nafasi, usihesabu pini, kwa sababu baadhi ya nafasi huwa tupu. Angalia pia kama soketi haikufungwa kichwa chini miguu juu. Namba 16, ya mwisho chini, ina umeme wa betri muda wote, na ukiiunganisha na namba 4 utaunguza fyuzi au zaidi ya fyuzi.

Ukiunganisha 4 na 13 swichi ikiwa OFF, halafu ukafungua hadi ON na kusubiri dakika moja, unapata kodi zote pamoja na zile za zamani. Ukifungua swichi kwanza, ukasubiri dakika moja, ndipo ukaunganisha, unapata zilizopo sasa hivi. Tofauti hii ni ya thamani kubwa kwa hitilafu inayokuja na kuondoka. Taa ya injini na ya ABS nazo zitaanza kupepesa. Usizishughulikie, tazama ya eabegi tu. Ikipepesa haraka bila kukoma, mara mbili kwa sekunde, hakuna kodi. Kama ipo, inapepesa makumi kwanza, inatulia sekunde moja na nusu, kisha inapepesa mamoja. Pepesi moja, kimya, pepesi nne: hiyo ni 14. Zikiwa nyingi zinafuatana kuanzia ndogo kwenda kubwa, zikiisha zinarudia. Chukua kalamu uandike, maana kichwani utachanganya.

Kodi zenyewe zina mpangilio, na ukiushika huhitaji kukariri. Kumi na kitu, kuanzia 11 hadi 14, ni eabegi ya dereva. Hamsini na kitu, 51 hadi 54, ni ya abiria wa mbele. Sitini na kitu ni kikaza mkanda (kifaa kinachouvuta mkanda wa kiti ukaze ajali ikitokea) cha kulia, ambako kwa magari yetu ndiko anakokaa dereva, na sabini na kitu ni cha kushoto. Eabegi za ubavuni zina 41 hadi 44 na 45 hadi 48. Ndani ya kila kundi mfuatano ni uleule: ya kwanza waya umegusa bodi, ya pili umegusa chanya, ya tatu nyaya mbili zimepigana shoti, ya nne njia imekatika. Kwa hiyo 13 ni shoti kwa dereva, 64 ni kukatika kwenye mkanda wa kulia. Skana itakuonyesha jambo hilohilo kwa jina refu: B0100 kwa 13, B0101 kwa 14, B0131 kwa 64. Sensa za mbele za kuhisi mgongano, zile zilizofungwa karibu na taa kubwa, zinakuja kama 15 kwa kulia na 16 kwa kushoto.

Halafu kuna 31, au B1100, inayosema kontroboksi yenyewe ina tatizo. Fundi mwenye haraka akiiona hiyo anakutuma ukanunue kontroboksi. Mwambie asubiri. Ikitokea pamoja na kodi nyingine, nyingine hizo ndizo zinazotengenezwa kwanza, na mara nyingi 31 inaondoka nazo.

Na ukiona taa inawaka lakini kodi inayopepesa ni ile ya "hakuna tatizo", usianze kufungua gari. Pima betri. Kontroboksi ikikosa volti za kutosha inawasha taa bila kuandika kodi. Betri nzima iliyopumzika inasoma volti 12.6 hivi, na injini ikiunguruma inatakiwa kusoma kati ya 13.5 na 14.5. Gari lililowashwa kwa kuunganishwa betri ya jirani mara nyingi hufanya hivi.

Uvunguni mwa kiti

Kodi za mikanda na za eabegi za ubavuni, mara nyingi utazikamata chini ya kiti au chini ya nguzo ya katikati. Sababu si fumbo. Gari linapelekwa kuoshwa, viti vinang'olewa ili makapeti yasuguliwe, konekta zinachomolewa, aliyechomoa anarudisha haraka bila kusikia mlio wa "tak". Au kijana anaingiza mdomo wa mashine ya kuvuta vumbi uvunguni akasukuma waya. Au chupa ya maji imeviringika huko na kila kiti kinaposogezwa mbele inaibana konekta kwenye reli. Na kuna suala la mtu kufungua swichi kiti kikiwa kimechomolewa, labda anataka kusikiliza redio huku anasugua: hapo kontroboksi inaona njia imekatika, inaandika, na taa inawaka hata baada ya kila kitu kurudishwa vizuri. Kwenye gari la namna hiyo hakuna kilichoharibika, kuna kodi ya kufuta tu.

Kuna jambo moja kuhusu konekta za njano ambalo ukilijua linaokoa siku nzima. Ndani yake, upande wa eabegi, kuna kibati cha springi kinachounganisha pini zote mbili pale konekta inapochomolewa. Kimewekwa ili umeme tuli wa mwili wa fundi au wa kitambaa usiweze kuilipua. Konekta ikiingia mpaka mwisho, kipande cha plastiki kinakiinua kibati hicho na pini zinaachana. Sasa fikiria konekta iliyoingia nusu: pini zimegusana na mwenzake, lakini kibati bado kimelala. Kontroboksi inaona shoti. Ndiyo maana mtu anapata kodi ya shoti, 13 au 63, anatafuta waya uliochubuka siku mbili nzima, kumbe dawa ni kusukuma konekta milimita tatu hadi ifunge na kukibonyeza kile kifungio cha pili.

Kwa hiyo unapokuwa uvunguni, betri imefunguliwa na muda umepita, chomoa konekta, itazame kwa tochi. Pini yenye rangi ya kijani ina kutu ya maji. Nyunyizia dawa ya kusafisha konekta, ile inayokauka yenyewe, si mafuta ya kulainisha kutu ambayo yanaacha utelezi unaokusanya vumbi. Pini iliyorudi nyuma isukume mbele hadi ijifunge. Rudisha konekta, sikiliza mlio, kisha vuta kidogo uhakikishe. Mwisho funga waya kwa tai ya plastiki kwenye fremu ya kiti, ukiuachia mlegezo wa kutosha kiti kisogee mbele mpaka mwisho bila kuuvuta.

Waya uliokatika? Watengenezaji wanataka fungu zima la waya libadilishwe, na wana haki, kwa sababu kontroboksi inapima omu mbili tu na kiungo kibaya kinaweza kuongeza nusu omu. Huku kwetu fungu hilo halipatikani kila siku. Ukilazimika kuunga, tumia kiungo cha kubana kwa koleo lake na mpira wa kusinyaa kwa joto. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi ni kuandaa kodi nyingine ya miezi mitatu ijayo.

Kebo nyuma ya usukani

Usukani unazunguka, gari halizunguki. Ili umeme ufike kwenye eabegi ya dereva, honi na vitufe vya redio, kuna boksi la duara lenye utepe mrefu mwembamba uliojikunja ndani kama springi ya saa. Wauza spea wengi huliita klokispringi. Kutoka katikati lina uwezo wa kuzunguka takriban mara mbili na nusu kila upande, na hapo utepe umefika mwisho.

Dalili zake hazijifichi. Honi inakataa, au inalia ukikata kona tu. Vitufe vya usukani vimekufa. Kuna mchakacho kama karatasi inayokunjwa unapozungusha usukani. Taa ya eabegi inawaka ukiingia kwenye maegesho na inabaki hivyo. Kodi ni 14, au 13 utepe ukichubuka na nyaya zikagusana.

Linakufa kwa umri, ndiyo, lakini mengi yanauawa. Muuaji mkuu ni kazi ya chini: steringi boksi inafunguliwa, shafti inaachanishwa, na hakuna aliyefunga usukani usizunguke. Mtu anaegemea usukani, unazunguka huru mara tatu nne, utepe unakatika bila sauti ya maana. Au haukatiki, ila boksi linarudishwa likiwa halipo katikati, na siku ya kwanza unapokata kona mpaka mwisho ndipo linapokatika. Ukimpelekea fundi gari la steringi boksi, mwombe afunge usukani kwa mkanda wa kiti au kamba kabla hajagusa boliti ya shafti.

Kulibadilisha si kazi ngumu, ila haitaki papara. Magurudumu ya mbele yawe yamenyooka. Betri ifunguliwe na muda upite. Pembeni mwa usukani, kulia na kushoto, kuna vifuniko vidogo. Nyuma yake kuna skrubu za nyota, T30. Zilegeze hadi zikubali, kisha vuta eabegi kwa mikono miwili, taratibu, kwa sababu nyaya zake ni fupi. Kwenye matoleo mapya zaidi hakuna skrubu, kuna springi zinazosukumwa kwa bisibisi kupitia matundu. Inua kifungio cha konekta ya njano kwa bisibisi ndogo, chomoa, toa waya wa honi. Eabegi ibebe uso wake ukitazama mbali nawe, uilaze mezani uso juu. Ikilazwa kifudifudi na ikalipuka, itaruka kama roketi. Ikilazwa uso juu, mfuko utafunguka hewani.

Weka alama ya kalamu nyeupe kwenye shafti na kwenye usukani ili urudi palepale. Nati ya katikati kwa Toyota nyingi ni namba 19. Ilegeze, lakini iache imeshika nyuzi mbili tatu za mwisho ndipo uvute usukani. Asiyefanya hivyo hujipiga usukani usoni. Toa kava za nguzo ya usukani, utaona klokispringi imeshikwa na vikucha na konekta zake ziko nyuma.

Ukinunua nyingine, linganisha idadi ya pini na umbo la konekta, usiamini maneno ya "inaingia". Kwa Toyota namba ya kifaa hiki inaanza na 84306, na tarakimu zinazofuata ndizo zinazotofautisha yenye vitufe vya redio na isiyo navyo. Mpya huja imefungwa katikati kwa kipini au stika. Usitoe mpaka iwe imekaa mahali pake. Ya kutumika, au uliyoizungusha bila kujua, irudishe katikati hivi: izungushe taratibu kinyume cha saa hadi ikaze, usilazimishe, kisha irudishe mwendo wa saa mizunguko miwili na nusu hadi alama zikutane. Usukani unarudi, nati inakazwa nyutoni mita 50, skrubu za eabegi 8.8 tu, ambayo ni nguvu ya kiganja na si ya bega. Gari lenye mfumo wa kuzuia kuteleza huwa na sensa ya pembe ya usukani hapohapo, na huenda skana ikahitajika kuirudishia sifuri.

Mtego wa mita

Kabla ya kununua klokispringi, hakikisha ni yenyewe. Njia salama ni kuidanganya kontroboksi kwa rezista (kifaa kidogo chenye ukinzani) ya omu 2, sawa na kiwashio. Betri nje, subiri, chomoa konekta ya eabegi ya dereva, ingiza rezista kwenye konekta ya upande wa gari mahali pa eabegi, rudisha betri, futa kodi, washa swichi. Kodi ikipotea, eabegi au konekta yake ndiyo mbovu. Ikibaki, tatizo liko kwenye klokispringi au waya unaoshuka hadi kontroboksi. Rezista ikishafanya kazi yake inatoka. Inakera kwamba chombo hiki cha kupimia, ambacho ni kitu cha bei ya soda, ndicho kinachofichwa ndani ya usukani uliolipuka ili taa izime na gari liuzwe. Skana haiwezi kukuonyesha tofauti: omu 2 ni omu 2.

Klokispringi yenyewe, ikiwa imechomolewa pande zote mbili, unaweza kuipima kwa mita kwa sababu haina baruti. Kila mstari kutoka mwanzo hadi mwisho usome chini ya omu 1, huku unazungusha taratibu kulia na kushoto. Namba ikiruka, utepe umechoka. Kati ya mstari na mstari pasiwe na mawasiliano kabisa. Hapa ndipo wengi wanaponaswa: mita inasoma sifuri kati ya nyaya mbili za eabegi, wanaitupa klokispringi nzima, kumbe kile kibati cha springi ndani ya konekta ndicho kinachounganisha. Chomeka kijikaratasi kigumu au kipande chembamba cha plastiki chini ya kibati kukiinua, kisha pima tena.

Yaliyobaki hayana mengi. Kodi 15 na 16 zikitokea baada ya gari kugongwa mbele na kunyooshwa, tazama kama sensa ilirudishwa na imekazwa kwenye chuma, si kuning'inia kwa waya. Kontroboksi iko sakafuni katikati, chini ya redio au mbele ya gia, na mshale ulioandikwa juu yake lazima uelekee mbele ya gari. Adui yake ni maji: bomba la kutolea maji ya AC likiziba, maji yanamwagikia kapeti na kufika hapo.

Gari lililowahi kulipua

Eabegi ikishalipuka, kufuta kodi hakutoshi. Kontroboksi inahifadhi kumbukumbu ya ajali ambayo skana ya kawaida haiifuti, na Toyota wanataka ibadilishwe. Wapo wanaofungua boksi na kuandika upya kumbukumbu yake. Taa inazimika kweli. Ila aliyeandika hajapima kama sehemu ya kurushia umeme bado ina nguvu, na hakuna jaribio la mezani litakalokuhakikishia. Mimi ningenunua nyingine yenye namba ileile hadi tarakimu ya mwisho.

Watu hukumbuka mifuko wakasahau mikanda. Vikaza mkanda vinalipuka pamoja na eabegi. Mkanda uliolipuka hautoki, au unatoka ukakataa kurudi. Kwenye magari ambayo kikaza kipo upande wa kifungio, kifungio kinashuka na kukaa chini kuliko cha kiti cha pili. Ukikagua gari la kununua, vuta mikanda yote ya mbele mpaka mwisho na uiachie, kisha soma lebo iliyoshonwa karibu na mwisho wake: mara nyingi ina tarehe ya kutengenezwa, na mkanda uliotengenezwa baada ya gari umewekwa badala ya mwingine. Bonyeza pia kifuniko cha dashibodi mbele ya abiria. Kilichogundishwa kwa gundi na kupakwa rangi kina mng'ao tofauti na dashibodi iliyobaki, na pembe zake huwa si kali.

Na kuna ugonjwa ambao taa haiuoni kabisa. Mitungi ya gesi ya kujaza eabegi ya kampuni ya Takata ya Japani, iliyofungwa kwenye Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru na wengine wengi, ilitumia amonia naitreti, ambayo joto na unyevu wa miaka mingi huidhoofisha hadi mtungi unapasuka vipande vya chuma badala ya kujaza mfuko. Honda walianza kuita magari yarudi kurekebishwa mwaka 2008, Marekani peke yake iliishia kwenye mitungi ipatayo milioni 67, na Takata waliomba kinga ya mufilisi Juni 2017. Ukinzani wa kiwashio uko sawa, kwa hiyo kontroboksi imeridhika na taa inazimika kwa adabu. Gari lililouzwa nje ya Japani kabla halijarekebishwa linakuja na mtungi huohuo, na joto na unyevu wa Dar es Salaam, Tanga au Mombasa ndiyo hali ya hewa usiyoitaka kwa kitu hicho. Chukua namba ya chesesi kama ilivyo kwenye kibati, herufi za mwanzo, kistari na tarakimu, uiingize kwenye ukurasa wa Toyota Japani wa kukagua magari yaliyoitwa, au wa kampuni ya gari lako. Ni sababu nyingine ya kutonunua eabegi iliyotumika kwa kuangalia sura tu: huijui imekaa kwenye jua la wapi.

Ukimaliza kazi, rudisha hasi ya betri pasiwe na mtu aliyekaa mbele ya usukani. Fungua swichi ukiwa umesimama pembeni, mkono tu ndio uingie. Hesabu sita. Futa kodi za zamani, funga swichi, fungua tena, hesabu tena. Zungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho, sogeza viti mbele na nyuma, jaribu honi katika kila pembe. Endesha siku tatu kwenye barabara yako ya kawaida, yenye matuta yake, kisha rudi na kile kipande cha waya usome zile kodi za zamani, hata kama taa haijawaka.